Maswali ya Wasomaji: Herufi Juu ya Sanduku la Dakta

SWALI

Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Wete, Pemba. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitwambia kwamba babu yake alikuwa dakta wa Kizungu, na kila mara alisisitiza kuwa hakuwa Mwingereza bali Mwairishi. Inasemekana alifanya kazi Unguja zamani za Sayyid Hamoud, akaletwa Pemba kwa muda, kisha akaondoka asirudi tena. Alichotuachia ni sanduku la mbao lenye kibati cha shaba juu ya kifuniko, ambalo bibi alikuwa akitilia udi na vipuli vyake. Katika kibati hicho kumechongwa jina lake, ambalo naomba msilichapishe, na herufi L.K.Q.C.P.I., na mbele yake kuna herufi nyengine ambazo zimefutika kwa sababu tumekuwa tukikisugua kwa ndimu na jivu kila inapokaribia Idi. Mwanangu ametafuta jina hilo katika intaneti akapata watu wengi kupindukia, na mtu mmoja akamwambia asijisumbue kwani kumbukumbu zote za Ayalandi ziliungua moto. Je, ni kweli? Na kama si kweli, tuanzie wapi?

Mwalimu mstaafu, Wete

JIBU

Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Nakuomba kwanza kibati hicho msikisugue tena, hata Idi ikiwadia. Kila mkikisugua kwa ndimu mnaondoa sehemu ya maandishi, na maandishi hayo ndiyo hati pekee mliyonayo mkononi. Chukua karatasi nyembamba, iweke juu ya kibati, kisha ipitishie penseli laini kwa ubavu wake bila kuikandamiza, na huenda herufi zisizoonekana kwa macho zikajitokeza. Zikikataa, kipige picha asubuhi mapema karibu na dirisha, mwanga ukija kwa upande, kwa sababu vivuli vidogo vinavyobaki ndani ya michongo husomeka vizuri zaidi kuliko shaba inayong'aa.

Sasa tuziangalie herufi zenyewe, maana katika jambo hili zina thamani kubwa kuliko jina. L ya mwanzo ni mwenye leseni, K na Q ni Mfalme na Malkia, C.P.I. ni Chuo cha Matabibu cha Ayalandi. Babu wa bibi yako alipewa leseni ya utabibu na chuo kilichoko Dublin, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1654, na ambacho kiliitwa Chuo cha Mfalme na Malkia mpaka mwaka 1890. Mwaka huo kilibadilishwa jina kikawa Chuo cha Kifalme, na waliofuzu baada ya hapo waliandika L.R.C.P.I. Kwa hiyo kibati chenu kinatwambia kwamba mtu huyu alipata leseni yake kabla ya jina kubadilika, jambo ambalo linaafikiana vizuri na maneno ya bibi kwamba alikuwa akifanya kazi hapa zamani za Sayyid Hamoud, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Nimefurahi sana kuliona hilo, kwa sababu ni nadra kwa hadithi ya ukoo na kitu cha mkononi kukubaliana namna hii. Herufi zilizofutika huenda ni L.R.C.S.I., yaani leseni ya chuo cha upasuaji cha Dublin kilichoanzishwa mwaka 1784, kwani madaktari wengi wa kule walikuwa wakichukua leseni zote mbili, au huenda ni L.M., yaani leseni ya ukunga.

Mkiwa na herufi hizo, fungueni Daftari la Madaktari la Uingereza. Sheria ya mwaka 1858 iliweka baraza moja la kuwasajili madaktari wa Uingereza, Uskoti na Ayalandi kwa pamoja, na kuanzia mwaka 1859 daftari lake lilikuwa likichapishwa kila mwaka. Kila daktari ana mstari wake: jina, anuani, tarehe ya kusajiliwa, na leseni zake pamoja na mwaka wa kila moja. Pembeni ya tarehe huwekwa herufi E, S au I, kuonesha kama alisajiliwa Uingereza, Uskoti au Ayalandi. Madaftari ya zamani yamepigwa picha na mengi yanasomeka katika intaneti. Msitafute jina peke yake, bali watafuteni watu wenye jina hilo ambao pia wana leseni ya K.Q. ya kabla ya 1890. Wale watu wengi kupindukia aliowapata mwanao watapungua, na inshaallah watabaki wawili au watatu.

Mkishampata, mfuateni mwaka baada ya mwaka mkitazama anuani yake. Anuani ya mwaka wa kwanza ina faida ya pekee, kwa sababu kijana aliyetoka chuoni akiwa hajapata kazi mara nyingi huandikisha nyumba ya wazazi wake. Hapo mtapata mji au kijiji cha kuanzia. Baada ya miaka michache huenda mkaona anuani inageuka kuwa Zanzibar, na hilo litakuwa uthibitisho ambao hauna mjadala.

Pembeni ya daftari hilo kuna kitabu chengine cha kila mwaka, orodha ya madaktari ambayo taarifa zake zilikuwa zikitolewa na madaktari wenyewe. Humo hutajwa chuo alichosoma, hospitali alizofanyia kazi na vyeo alivyowahi kushika, na mwishoni huwekwa waliofariki. Kwa kuwa mtu alikuwa akijieleza mwenyewe, kisomeni kwa hadhari: hakikumlazimisha kusema kila kitu, na aliyekwenda ng'ambo aliweza kukaa miaka bila ya kurekebisha habari zake.

Kisha andikieni chuo chenyewe Dublin. Katika maktaba ya chuo cha matabibu yamehifadhiwa majalada yaliyokusanywa na Dakta Percy Kirkpatrick, aliyefariki mwaka 1954, ambaye kwa miaka mingi alikata vipande vya magazeti, tanzia na barua na kuvipanga kwa majina ya madaktari wa Kiairishi wapatao 10,000. Kwa maoni yangu, hakuna mlango ulio mzuri zaidi ya huo kwa mtu mwenye swali kama lako. Barua fupi yenye jina, herufi za leseni na mwaka mliokisia inatosha. Hadithi nzima ya ukoo iwekeni akiba mpaka watakapoiuliza.

Nije kwenye moto. Ni kweli kwamba tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa lililokuwa katika eneo la mahakama liitwalo Four Courts, Dublin, liliripuka na kuteketea. Wasia za karne nyingi ziliangamia, sensa za 1821 mpaka 1851 zikabakia vipande tu, na zaidi ya nusu ya madaftari ya ubatizo na maziko ya kanisa la Kianglikana yakapotea. Sensa za 1861 mpaka 1891 hazikuungua humo, kwani serikali ilikuwa imeshaziharibu kwa amri yake. Lakini aliyemwambia mwanao kwamba kila kitu kiliungua amekosea, na amewavunja moyo bure. Madaftari ya vyuo vya udaktari hayakuwa katika jengo hilo. Madaftari ya kanisa la Kikatoliki hayakuwamo pia, na Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeyaweka wazi katika intaneti mpaka karibu na mwaka 1880. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo vya watu wote ulianza mwaka 1864, na vyeti vya zamani vinasomwa bila malipo katika tovuti ya irishgenealogy.ie. Sensa za 1901 na 1911 zipo kamili, nazo ni bure. Na tangu mwaka 2022 nakala za zile hati zilizoungua, ambazo wataalamu wa kule wamezikusanya kutoka maktaba za nchi nyengine, zimewekwa pamoja katika mtandao.

Katika hizo zote, cheti cha ndoa ndicho ninachokipenda zaidi, kwa kuwa kinataja jina la baba wa bwana harusi na kazi aliyokuwa akiifanya. Mkikuta kwamba baba naye alikuwa daktari au muuza dawa, jambo lililokuwa la kawaida, basi mmeshapata kizazi chengine, na mnaweza kurudi katika madaftari yale yale ya kazi mkamtafuta yeye.

Naomba mzingatie tahadhari moja. Leseni ya Dublin haimfanyi mtu kuwa Mwairishi, kwani Waingereza nao walikwenda kuichukua, na Waairishi wengi walivuka bahari wakafanya mitihani yao Edinburgh. Ninalipa uzito neno la bibi yako, kwa sababu hapa kwetu watu walikuwa wakiwaita Wazungu wa aina ile Waingereza wote, na mtu asingeshikilia "si Mwingereza" mpaka uzeeni bila ya kuwa na chanzo. Hata hivyo neno hilo lithibitishwe kwa cheti cha kuzaliwa. Mimi mwenyewe niliwahi kumfuata mtu kwa miezi kadhaa kwa sababu jina na fani vilikubaliana, mpaka nilipoona cheti cha kifo chake nikatambua kwamba alifariki kabla ya yule niliyekuwa nikimtafuta kuwasili Unguja. Tena angalieni tahajia: majina ya Kiairishi yenye O' au Mac mbele yalikuwa yakiandikwa bila ya viambishi hivyo kwa kizazi kimoja, na kurudishiwa katika kizazi kinachofuata, kwa hivyo O'Sullivan na Sullivan wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Upande wa huku msiupuuze, nao uko karibu nanyi. Nendeni hifadhi ya Nyaraka za Zanzibar, iliyoko Kilimani, Unguja, mkaombe mafaili ya ubalozi wa Kiingereza, ambayo yamo katika mfululizo wa AA, na gazeti la serikali lililoanza kutoka mwaka 1892. Gazeti la namna hiyo hutangaza nani ameteuliwa, nani amepewa likizo na nani amekaimu nafasi yake, na ndani yake mnaweza kuona lini Dakta alihamishiwa Pemba. Kumbukeni pia kwamba mpaka mwaka 1913 Zanzibar ilikuwa chini ya wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, na baada ya hapo ikahamishiwa wizara ya makoloni. Kwa zama za babu yenu, basi, barua zilizopelekwa London zimo katika hifadhi ya kumbukumbu za taifa la Uingereza, iliyoko Kew, London, pamoja na za mambo ya nje, na anayezitafuta katika za makoloni atarudi mikono mitupu. Kama hakuwa mtumishi wa serikali bali daktari wa manowari, njia ni nyengine: manowari za Kiingereza zilikuwa zikitia nanga hapa mara kwa mara, na madaktari wa jeshi la majini walikuwa wakiandika daftari la wagonjwa wao, na mengi ya hayo yamo Kew pia.

Kuna jambo moja la mwisho, na nalisema kwa heshima. Inawezekana mkayapata maisha yake yote katika karatasi za Dublin, na lisiwemo hata neno moja juu ya mama aliyemzalia mtoto Pemba. Msichukulie kimya hicho kuwa ni ushahidi dhidi ya bibi yenu. Orodha za madaktari hazikuwa na nafasi ya kuandika habari kama hizo, na waliozijua walikuwa huku. Kwa hivyo kabla hamjatuma barua yoyote, kaa na wazee waliobakia, uandike wanayoyakumbuka pamoja na jina la kila aliyesema na tarehe, na uyaweke ndani ya sanduku hilo hilo.

SWALI

Bibi yangu alifundishwa ukunga na Sista mmoja wa Kiairishi hapa mjini kabla ya vita vikuu vya pili. Je, njia hii ya madaktari inafaa pia kwa wauguzi?

Msomaji, Mkunazini, Unguja

JIBU

Inafaa kwa sehemu ndogo. Madaktari walianza kuandikwa mwaka 1859, lakini sheria ya kuwasajili wakunga wa Ayalandi ilipitishwa mwaka 1918, na ya wauguzi mwaka 1919. Kama Sista huyo alisoma baada ya hapo, anaweza kuwemo katika madaftari yaliyowekwa kwa sheria hizo. Kama alisoma kabla, itabidi mtafute katika vitabu vya hospitali aliyosomea na katika sensa ya 1911, ambayo inataja kazi ya kila mtu. Wengine waliletwa makoloni na chama cha wauguzi kilichoanzishwa mwaka 1896, ambacho kumbukumbu zake zimo Oxford, na huko huko ndiko ziliko karatasi za misheni ya Kianglikana iliyokuwa na hospitali yake hapo hapo mtaani kwenu. Tatizo kubwa ni jina: muuguzi aliyeolewa hubadilika jina, na mtawa huacha jina lake la kuzaliwa.

Na ndiyo maana neno "Sista" linanitia wasiwasi, kwa kuwa hapa kwetu huitwa hivyo muuguzi mkuu wa wodi, na huitwa hivyo mtawa. Waulize wazee kama alikuwa akisali Minara Miwili, yaani kanisa la Kikatoliki, au kanisa la Kianglikana la Mkunazini. Wakikwambia Minara Miwili, na kwamba alikuwa akivaa kitambaa cha kitawa, basi muulizie kwa shirika lake la watawa, kwa sababu wao ndio wanaohifadhi jina alilozaliwa nalo.