Jibu: Benchi la kupimia hewa linasoma juu

Waalaykum salaam sheikh. Kwa hiyo benchi lako (boksi lenye mota ya kufyonza, la kupimia hewa inayopita kwenye kichwa cha injini) ukiliwekea kibao cha majaribio chenye tundu la milimita 40, linasoma hewa asilimia 12 juu ya hesabu. Hesabu iache kwanza. Ziba kabisa mdomo wa juu wa boksi, washa mota, fungua vali taratibu (maji yaliyomo kwenye mipira myangavu ya kupimia mgandamizo yasije yakafyonzwa), kisha tazama mpira wa upande unaopima kiasi cha hewa. Maji yakisogea hata kidogo, kuna hewa ya wizi inaingia katikati na kuhesabiwa.

Langu hapa Wete lilinitesa wiki nzima. Mwisho nikapitisha chetezo cha udi pembezoni, moshi ukanywewa kwenye kona ya plaiwudi niliyoapa nimeijaza silikoni. Mke wangu akauliza benchi limepandwa na shetani gani.

Kama halivuji, papasa ukingo wa tundu kwa ukucha. Upande hewa inakoingilia lazima uwe mkali. Ukiupiga msasa ukawa mviringo, hewa hupita nyingi zaidi na kile kigezo cha 0.62 tunachozidishia kwenye hesabu ya tundu hakifai tena. Mimi nilichonga kibao kipya.

Na umeme ukishuka jioni mota ikapungua nguvu, rudisha tofauti ya maji kwenye mpira wa mvuto wa boksi iwe inchi 28 kabla ya kila kusoma.