Kubaki na spika mbili kwa risiva ile ile ya 5.1 (ya spika tano na sabufa moja)
Inawezekana, ila usichomoe tu spika ya kati na za nyuma ukaishia hapo. Mazungumzo ya filamu yatafifia, maana risiva bado inayatuma kwenye spika ya kati isiyokuwepo. Ingia menyu ya spika, weka Center na Surround kuwa None. Hapo itayagawa kushoto na kulia. Sabufa nayo ukiiondoa, izime humo humo ili besi irudi spika za mbele. Ukibaki nayo, anza na mkato (crossover) wa Hz 80, yaani besi ya chini ya hapo iende kwenye sabufa. Kisha rudia upimaji wa sauti kwa maikrofoni ya risiva.

Kagua waya pia: nyekundu kwa nyekundu pande zote mbili. Waya za spika moja zikigeuzwa, besi inakonda na sauti ya mwimbaji haikai katikati.