Muulize Wakili: Mdogo wangu alipigwa shoti akiwa na pingu

SWALI: Shikamoo, Wakili. Mdogo wangu alikamatwa baada ya ugomvi. Akiwa amekwisha kufungwa pingu na kulazwa kifudifudi, askari alimgandamiza kifaa cha umeme mgongoni na kumpiga shoti mara kadhaa. Tulipolalamika tukajibiwa kwamba kile si bunduki na hakiui, kwa hiyo hakuna kosa. Ni kweli? Na mimi, mlinzi wa usiku, naruhusiwa kununua cha kwangu?

JIBU: Marahaba. Poleni sana nyote wawili. Naanza na pingu, maana uzito wote wa malalamiko yenu uko hapo.

Bastola ya umeme kama Taser hurusha vishale viwili vyenye nyaya. Vikinasa mbali mbali mwilini, umeme hukaza misuli na mtu huanguka. Kwa aliyeshika kisu hatua chache kutoka kwa askari, naona ina kazi yake. Lakini ukiigandamiza moja kwa moja mwilini, ncha zake zimekaribiana mno, misuli mikubwa haikazi. Kinachobaki ni maumivu tu. Sasa maumivu hayo yalikuwa ya nini kwa mtu aliyekwisha kufungwa mikono? Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha zinamtaka askari atumie nguvu pale tu inapolazimu, na kwa kadiri ya hatari iliyopo. Mkamatwa akishadhibitiwa, hatari imekwisha. Kuendelea kumpiga shoti ni kumwadhibu, na hiyo si kazi ya polisi. Naweza hata kuita utesaji.

Hilo la “hakiui” linanikera. Agosti 2016, huko Telford, Uingereza, askari alimpiga Dalian Atkinson, aliyewahi kuichezea Aston Villa, shoti ya sekunde 33 mfululizo, wakati kifaa kimepangwa kujizima baada ya sekunde 5. Kisha akampiga mateke ya kichwa. Atkinson alifariki. Mwaka 2021 askari huyo alihukumiwa miaka 8 jela kwa kuua bila kukusudia.

Na kuhusu “si bunduki”, inategemea sheria ya nchi. Marekani iliiweka Taser ya kwanza katika kundi la bunduki mwaka 1976 kwa sababu vishale vyake vilirushwa kwa baruti. Matoleo ya baadaye, yanayotumia gesi ya naitrojeni, yakatoka katika kundi hilo. Nchini Uingereza, Taser ni silaha iliyopigwa marufuku kwa raia. Kwa hiyo usinunue kwanza ukauliza baadaye, hata kama muuzaji anakiita tochi. Muulize mwajiri wako kwa maandishi, na ofisi inayotoa vibali vya silaha.

Kwa mdogo wako, harakisheni. Mpelekeni kwa daktari leo aandike ripoti na kupima umbali kati ya alama ndogo mbili mbili za kuungua. Zipigeni picha kabla hazijafifia. Kisha andikeni barua kwa mkuu wa polisi na chombo cha malalamiko, mkitaka kumbukumbu za kifaa zihifadhiwe. Vifaa vingi vya polisi vya aina hii hurekodi vyenyewe saa kilipowashwa na sekunde kilizodumu. Linganisheni saa hiyo na saa ya kufungwa pingu.