Mlezi wa bibi Shangani: kodi ni yako au ya mwajiri?

Dada, umeuliza kama 300,000 unayolipwa kwa mwezi kumlea bibi wa watu hapo Shangani, Mtwara, ni mshahara au biashara yako. Nani anakupangia saa? Kama ni mwanawe, wewe ni mwajiriwa, hata akikuita kibarua. Kodi ya mshahara huanza juu ya 270,000, asilimia 8 ya ziada, yaani 2,400. Kukata na kupeleka TRA (mamlaka ya mapato) ni kazi yake. Akikukata NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 kwanza, hakibaki kitu cha kutozwa!

Ukizunguka nyumba tofauti na kujipangia bei, hiyo ni biashara: chukua TIN (namba ya mlipakodi), haiuzwi. Andika kila malipo daftarini, hasa wale wanaolipa mkupuo msimu wa korosho.