Siku Nne za Sherehe na Tovuti Isiyofunguka

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji wa Mwanza ambaye, baada ya salamu, aliniambia kwamba alijaribu kuifungua tovuti yangu tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, akakuta ukurasa mweupe wenye sentensi moja ya Kiingereza inayosema kuwa tovuti imepata hitilafu kubwa. Yeye ni mwalimu wa Kiswahili na anakusudia kufungua tovuti ya kuwekea mashairi na masomo yake. Mwisho wa ujumbe aliuliza: "Dada, ikiwa ya kwako imeanguka, sisi wageni tutaweza?" Kila nikiusoma ujumbe huo moyo unanichoma, kwa sababu ukurasa ule mweupe ulikuwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Namjibu hapa mbele ya wote, kwani naamini wengi mnaonisoma mna hamu hiyohiyo ya kuwa na mahali penu mtandaoni, ambapo kazi yenu inakaa bila kumwomba mtu nafasi.

Mimi ni mfasiri. Tovuti yangu ilianza mwaka 2016, wakati ambapo wengi wa rika langu waliona kwamba ukurasa wa mitandao ya kijamii unatosha, na leo ina makala 214 kuhusu tafsiri, misemo na makosa ya lugha tunayoyasikia redioni kila siku. Nasema hivyo kwa fahari, kwa kuwa makala hizo niliziandika usiku, baada ya kazi za watu kwisha. Wateja wangu karibu wote wamenipata kupitia hapo. Kwa hiyo tovuti hii si pambo kwangu. Ndiyo duka langu.

Saba Saba ya mwaka 2025 iliangukia Jumatatu, nasi wakazi wa Dar es Salaam tunajua maana yake: ratiba za harusi zilijaa kuanzia Ijumaa. Rafiki yangu tuliyeishi naye bweni moja Chuo Kikuu, pale Mlimani, alikuwa anaolewa. Ijumaa ilikuwa send-off, Jumamosi ndoa na tafrija, Jumapili sisi marafiki wa chuo tulipanga kwenda Kigamboni, na Jumatatu nilikuwa nimewaahidi watoto wa dada yangu kuwapeleka kwenye maonyesho ya Saba Saba, Barabara ya Kilwa. Nilikuwa kwenye kamati tangu vikao vya mwanzo, nilikusanya michango, nilihangaikia sare, na ndiye niliyepewa kusoma risala ya marafiki.

Wakati huohuo nilikuwa na makala niliyoitayarisha kwa mwezi mzima, ya kutoka Jumatatu asubuhi. Ilieleza kwa nini UNESCO, mwezi Novemba 2021, ilichagua tarehe 7 Julai kuwa siku ya lugha yetu, na kwa nini tarehe hiyo inarudi hadi mwaka 1954, TANU ilipozaliwa hapahapa Dar es Salaam na Kiswahili kikawa chombo cha kuwaunganisha watu waliodai uhuru. Alhamisi usiku niliiweka tayari, nikaisoma mara ya mwisho, nikaridhika nayo. Kisha nikaona pembeni alama nyekundu yenye namba 11, yaani programu kumi na moja za tovuti zilikuwa zinasubiri kusasishwa. Ilikuwa saa sita kasoro usiku. Nikazichagua zote, nikabofya mara moja, nikaenda kunyoosha kitenge changu cha kesho.

Niliporudi, tovuti haikuwepo.

Nitaeleza kilichotokea, kwa sababu huu ndio ugonjwa wa tovuti nyingi zinazoendeshwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, kama yangu. WordPress yenyewe imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo PHP, na kampuni inayoihifadhi tovuti yako ndiyo inayoamua toleo gani la PHP lipo kwenye seva, yaani kompyuta yao inayobeba tovuti, mpaka wewe uombe au ubadilishe. Juu ya WordPress tunabandika programu-jalizi, zile programu ndogo za fomu, picha, usalama na mengineyo, kila moja ikiwa na watengenezaji wake. Mojawapo ya zile kumi na moja ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya toleo jipya la PHP, na seva yangu ilikuwa bado kwenye la zamani. Programu moja ndogo ilishindwa, ikaangusha nyumba nzima.

Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress ikipata ajali ya namna hiyo humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kwa dharura, ili aizime programu yenye kosa. Nilikaa mpaka saa nane usiku nikiisubiri barua hiyo, nayo haikufika. Mwaka 2016 nilitengenezewa tovuti na kijana mmoja hodari, naye katika kuandika anwani ya msimamizi aliweka ya kwake, kwa kuwa mimi wakati ule sikujua hata kuna anwani ya namna hiyo. Akaunti ya kampuni ya kuhifadhi tovuti ilikuwa kwa jina lake. Domeni, yaani jina ambalo watu huliandika kuifungua tovuti, pia. Kila mwaka nilimtumia pesa kwa simu, naye akalipia. Kwa miaka tisa nimeita tovuti ile yangu, na hakuna karatasi hata moja iliyosema hivyo. Namba yake ya simu, usiku ule, haikupatikana.

Ijumaa nilikwenda kwenye send-off nikiwa nimelala kwa muda wa saa mbili tu. Bibi harusi ni Mchagga wa Machame, kwa hiyo ndafu iliingia ukumbini kwa ngoma na vigelegele, mbuzi mzima wa rangi ya dhahabu, majani mdomoni, na wapishi wawili wenye kofia nyeupe wakimsukuma kwenye meza ya magurudumu. Watu wote walisimama. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, simu iko mapajani chini ya kitambaa cha meza, naandika barua ya tatu kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti. Waliponipigia niliondoka mbiombio nikasimama nyuma ya ukumbi karibu na jenereta, sikio moja nimeliziba kwa kidole, nikimsihi dada wa huduma kwa wateja. Alinijibu kwa adabu kwamba akaunti haina jina langu, kwa hiyo hawezi kuzungumza nami habari zake, na kwamba mwenyewe akiandika, atahudumiwa siku ya kazi, yaani Jumanne. Nilimwambia maneno ambayo nayajutia. Alikuwa sahihi kabisa. Kama angenifungulia mimi, angemfungulia na mwizi. Lakini sitaficha kwamba jibu lile linaniuma mpaka leo.

Niliporudi ndani, mshereheshaji alikuwa ameshawaita marafiki wa Mlimani. Mwenzangu mmoja alikuwa ameisoma risala kutoka kwenye karatasi niliyoiacha mezani, zawadi ilikuwa imekabidhiwa, na picha imepigwa. Bweni letu tulikuwa marafiki wanane. Picha ile ina watu saba. Bibi harusi hakunilaumu, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Alinishika mkono tu akaniuliza kama nimepata msiba.

Harusi yenyewe sitaisimulia. Ilikuwa nzuri, nilicheza, na kila baada ya nyimbo mbili nilikwenda msalani kuangalia kama tovuti imefunguka, kana kwamba ingejifungua yenyewe. Jumamosi hiyohiyo mteja wa Nairobi, niliyekuwa nimeshakubaliana naye bei, aliandika kwamba bosi wake anataka kuona mifano ya kazi zangu. Nilimweleza. Jumatatu alinishukuru na kusema wamempata mwingine.

Jumapili ndiyo siku ninayotaka mwalimu wa Mwanza aisikie vizuri. Tulivuka kwa pantoni kutoka Magogoni, sote isipokuwa maharusi. Mmoja wetu alikuwa amekuja kwa treni ya SGR kutoka Morogoro, safari ambayo zamani ilimla nusu siku barabarani, na alikuwa na furaha ya mtu aliyefika bila kuchoka. Tulipofika ufukweni tulitandika mkeka chini ya mivinje, tukaagiza samaki wa kukaanga na mihogo. Nilipotoa simu kwa mara ya nne, rafiki yetu mhasibu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alifungua kikapu chake cha chakula, akanitazama, akasema: "Dada, tangu Ijumaa upo na haupo. Itie humu." Nilitaka kumjibu kwamba yeye ana mshahara mwisho wa mwezi na hajui maana ya duka kufungwa. Neno lilifika mdomoni, nikalimeza. Nikaiweka simu ndani ya kikapu, juu ya sahani, naye akafunika kwa kanga.

Tulikaa mpaka jua likazama. Sikufikiri juu ya PHP. Yule wa Morogoro alitueleza, kwa mara ya kwanza, kwamba mwaka uliopita alipoteza mimba na hakumwambia mtu. Nilikuwepo alipolisema. Mpaka leo nikikumbuka kwamba nusura nilisikie neno lile huku nikisoma ujumbe wa kampuni, mwili unanisisimka.

Jumatatu niliwapeleka watoto Saba Saba kama nilivyoahidi, tukasongamana na umati, wakala aiskrimu, makala yangu ya Siku ya Kiswahili ikabaki gizani.

Jumanne asubuhi yule kijana aliyenitengenezea tovuti alipiga simu. Sasa anafanya kazi Arusha na alikuwa amebadilisha namba. Mdogo wake ndiye aliyempa habari. Hakunisumbua hata kidogo. Alinipa neno la siri, nikaingia kwenye sehemu ya mafaili ya seva, nikafungua folda ya programu-jalizi, na akaniambia nibadilishe jina la folda ya ile programu yenye kosa, niongeze herufi yoyote mwishoni. WordPress ikiitafuta programu kwa jina lake na isiione, huiacha na kuendelea na safari. Niliongeza herufi moja. Tovuti ikafunguka. Tangu alipopiga simu hadi makala 214 ziliporudi zilipita dakika saba. Nilikaa sakafuni nikalia, na sikulia kwa furaha tu.

Sasa, mwalimu wangu, na nyote mlio njia moja naye, niruhusuni niseme kwa ukali kidogo, kwa kuwa nimelipia haki hiyo. Kabla hujachagua rangi, kabla hujaweka picha yako uliyovaa suti, hakikisha domeni imesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako. Fundi mwaminifu hatakasirika ukimwambia hivyo. Wangu hakukasirika, na ndani ya wiki moja alinibadilishia kila kitu, tena bila malipo. Usimwachie mtu mwingine ufunguo wa nyumba yako kwa sababu tu wewe unaona aibu kuuliza. Uliza. Domeni iwe kwa jina lako, akaunti ya seva iwe kwa jina lako, anwani ya msimamizi iwe ya kwako na uwe unaisoma.

Halafu weka nakala ya tovuti nzima mahali pengine, kwenye kompyuta yako au hata kwenye flashi. Hapa wengi hukosea: hunakili mafaili wakadhani wamemaliza. Katika WordPress picha zako zimo kwenye mafaili, lakini maneno yako, kila makala uliyoikesha, yamo kwenye hifadhidata, na hiyo hunakiliwa peke yake. Ukichukua mafaili bila hifadhidata, umebeba rafu ukaviacha vitabu. Chukua vyote viwili, kila mwezi, na kabla ya kusasisha chochote. Nilipozichukua zangu kwa mara ya kwanza, Julai hii, zote pamoja hazikuzidi filamu moja ya kwenye simu. Miaka tisa ya usiku wangu, na sikuwahi kuipa dakika kumi za ulinzi.

Na usiguse tovuti mkesha wa jambo la watu. Kusasisha ni lazima, kwa kuwa programu zilizochakaa ndizo wadukuzi wanazopitia, lakini kuna Jumanne asubuhi, wakati kampuni zimefungua na wewe hujavaa sare ya mtu. Sasisha moja, fungua tovuti uitazame, kisha nenda kwenye ya pili. Tunajitia pupa, tunajiita watu wa kazi, kumbe tunawanyima wenzetu uso wetu siku wanayouhitaji. Mteja wa Nairobi nitampata mwingine. Ile picha ya watu saba haitapigwa tena, na imeshasafishwa, imewekwa kwenye fremu, iko ukutani nyumbani kwa maharusi, Tabata. Nimeiona.

Makala ya Siku ya Kiswahili niliitoa tarehe 9 Julai, ikiwa imechelewa siku mbili. Waliosoma walikuwa wachache kuliko nilivyotarajia, lakini yule wa Morogoro aliisoma yote, akanipigia usiku kuuliza juu ya mwaka 1954, tukazungumza mpaka bando lake likaisha.

Kwa hiyo, mwalimu, utaweza. Ila usinitumie kwanza picha za muundo ulioupenda. Nitumie jina lililoandikwa kwenye usajili wa domeni yako, na kama si lako, niambie ni la nani.