Mtoto Aliyechomwa na Konyeza

SWALI: Ndugu Mhariri, tukiwa mapumzikoni Jambiani, Zanzibar, mwanangu alichomwa mguuni na konyeza, yule mnyama wa baharini mwenye mwili laini kama utando, na wenzetu wakamsugua kwa mchanga. Je, ndiyo dawa?

JIBU: La, ingawa nia yao ilikuwa njema. Minyiri inayonata kwenye ngozi, myembamba kama uzi, huwa bado imejaa vifuko vya sumu ambavyo havijafyatuka, na kuisugua, au kuimwagia maji ya bomba au mkojo (tiba isiyokosa mshauri ufukweni), huweza kuvifyatua. Msuuze kwa maji ya bahari, uiondoe kwa kibano, kisha utumbukize mguu katika maji ya moto uliyoyapima kwanza kwa mkono wako, yasiyozidi nyuzijoto 45, kwa dakika 20 hadi 40. Akipumua kwa shida, mkimbize hospitali.