Sukari huashiria ukuaji, au huuashiria mmea ukue?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni bwana shamba hapa Muheza, Tanga. Naandaa kipeperushi cha wakulima wa machungwa, na ukurasa mmoja unaeleza jinsi mimea inavyotumia sukari kuongoza ukuaji wake. Nimeandika hivi: "Sukari huashiria ukuaji na maendeleo ya mmea. Kwa njia hiyo mmea huratibu viungo vyake." Mwenzangu ofisini anasema "huashiria" hapo si sahihi, niseme sukari ni "dalili" ya ukuaji. Mimi nahisi kuna kitu hakijakaa sawa kwake na kwangu pia, ila nashindwa kukitaja. Tusaidie.

JIBU: Marahaba, bwana shamba. Unachoshindwa kukitaja ni silabi moja tu: kiambishi cha mtendwa.

Kitenzi "kuashiria" tunakitumia kwa namna mbili. Askari wa barabarani humwashiria dereva asimame. Hapo yupo anayetoa ishara, yupo anayeipokea, na lipo jambo linalotakiwa kufanywa. Lakini tukisema mawingu juu ya Usambara yanaashiria mvua, hakuna aliyeambiwa chochote. Mawingu hayaiamuru mvua inyeshe. Yanatupa habari sisi tunaotazama, tuanue nguo. Tazama maumbo yenyewe: ya kwanza ina "-mw-" ndani ya kitenzi na kitenzi cha pili kinachoishia na "-e" (amemwashiria asimame). Ya pili haina vyote viwili.

Sentensi yako imefuata njia ya mawingu. Msomaji akisoma "sukari huashiria ukuaji" ataelewa kwamba akiona sukari, ajue mmea unakua. Mwenzako alilisikia hilo ndiyo maana akapendekeza "dalili", na kwa maana hiyo yuko sawa kabisa. Tatizo ni kwamba maana hiyo sio uliyoikusudia. Ulitaka kusema sukari inaliambia jicho la tawi, yaani pale chipukizi linapoanzia, lichipue. Basi mpe mpokeaji nafasi yake: "Sukari huuashiria mmea ukue", au "huliashiria jicho lichipue". Hizo "-u-" na "-li-" ndizo zinazobeba sayansi nzima ya ukurasa wako.

Nasema sayansi nzima kwa sababu jambo hili hasa ndilo watafiti walilohangaika nalo. Jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na mmea huisafirisha zaidi ikiwa sukrosi, ileile tunayotia kwenye chai. Kila mtu alijua hiyo ni chakula. Swali likawa: je, mmea unakua kwa sababu umeshiba, au sukari pia inatoa amri? Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha jibu walilopata kwenye mmea mdogo wa jamii ya haradali uitwao Arabidopsis. Ndani ya seli kuna kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali) kiitwacho heksokinasi, ambacho kazi yake inayojulikana ni kuanza kuichakata glukosi. Walikibadilisha kisiweze tena kuichakata, na bado kiliendelea kuipa seli taarifa kwamba glukosi ipo. Kula na kuarifu vikatenganishwa. Ni kama sinia la pilau linalopelekwa kwa jirani siku ya harusi: ni chakula, na papo hapo ni habari kwamba shughuli imeiva.

Kwa hiyo "dalili" haitoshi. Dalili haihitaji wa kuipokea. Dalili ya mvua ni mawingu hata kama kijiji kizima kimelala. Neno hilo liweke akiba kwa ukurasa wa magonjwa na lishe: majani ya chini yakigeuka manjano, hiyo yaweza kuwa dalili ya upungufu wa naitrojeni, na hapo ukiandika "ishara" nitakuwa wa kwanza kukulalamikia, kwa kuwa jani halikukuita. "Alama" nayo ni kitu kilichobaki kwenye umbo, kama kovu mahali jani lilipodondoka.

Bado hujaniuliza kuhusu jina lenyewe la somo, lakini najua utalihitaji kwenye kichwa cha habari. Nimeona wanafunzi wakiandika "uashiriaji wa sukari". Ukiweka "wa", sukari inaweza kusomeka kama kitu kinachoashiriwa. Weka "kwa": uashiriaji kwa sukari, kama tunavyosema malipo kwa simu. Hata hivyo neno hilo ni la kitabu cha chuo. Kwenye kipeperushi liache.

Sasa "maendeleo". Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Kiswahili kinapoonewa zaidi.

Mmea "ukiendelea", mtu wa Tanga anasikia habari za mgonjwa: anaendeleaje? Au anasikia barabara na zahanati. Ulichotaka ni ule mwendo wa kiumbe kutoka hatua moja kwenda nyingine, jambo ambalo si sawa na kuongezeka ukubwa. Wengine huziba pengo hilo kwa "ukomavu", lakini ukomavu ni mwisho wa safari tu. Mimi ningeandika "ukuaji na hatua za mmea", kisha nizitaje hatua zenyewe kwa vitenzi vyake, kwa sababu tunavyo vya kutosha. Mbegu huota au humea, jicho huchipua, ua huchanua, mti huzaa, tunda hupevuka, halafu huiva. Embe lililopevuka si lazima liwe limeiva, na mchuuzi yeyote wa soko la Mgandini atakueleza tofauti hiyo kwa bei.

Na ukitaka ushahidi kwamba watu wa pwani walizifikiria hatua hizi kabla ya maabara, mtazame mnazi. Upunga hufuatwa na kidaka, kidaka huwa kitale, kitale huwa dafu, dafu huwa koroma, na koroma huwa nazi. Majina sita kwa safari moja ya tunda! Hakuna hata moja linalomaanisha "kubwa zaidi" tu. Kitale hakina maji matamu ya dafu, na koroma halikuniki vizuri kama nazi. Mtu anayesema Kiswahili hakina namna ya kueleza hatua za kiumbe hajawahi kutumwa dafu akaleta koroma.

Tofauti hiyo ina maana pia kwenye ukurasa wako wa sukari, kwa kuwa sukari haishii kunenepesha. Mwaka 2013 watafiti nchini Ujerumani walionyesha kwamba Arabidopsis ikipungukiwa na kemikali moja iitwayo trehalosi-6-fosfati, inachelewa sana kuchanua hata kama urefu wa mchana unafaa. Kemikali hiyo hupatikana kidogo mno, na kiasi chake hupanda na kushuka kufuatana na sukrosi. Kwa hiyo mmea unaitumia kujua akiba ikoje kabla ya kuingia gharama ya maua. Hapo huwezi kuandika "ukue". Andika "huuashiria mmea uchanue". Kitenzi kibadilike kufuatana na hatua.

Kuhusu "kuratibu" sitakuchosha. Ni neno zuri, ila mkulima wa Muheza amezoea kumsikia mratibu wa mradi, mwenye gari na posho. Isitoshe linaficha kinachotendeka. Mmea hupima kisha hupanga. Sukari ikipungua, protini iitwayo SnRK1 hubana matumizi. Sukari ikiwa tele, nyingine iitwayo TOR huruhusu ujenzi. "Hupima akiba yake na kupanga kipi kikue" inasema zaidi ya "huratibu". Wala usiogope kuupa mmea vitenzi vya mtu. Sisi husema mlango umegoma kufunguka na mnazi umekataa kuzaa, na hakuna anayedhani tunauamini kuwa na akili.

Jambo moja la ukweli, ingawa uliniuliza lugha tu. Nadhani utataka kuuhusisha ukurasa huu na miche ya kubebesha, yaani ile inayopandikizwa jicho la mti mwingine, na litakuwa wazo zuri: ukishabebesha jicho la mchungwa kwenye mlimau na likashika, unakata kilele cha mlimau ili jicho lichipue. Zamani maelezo yalikuwa kwamba kilele hushusha homoni ya auksini inayoyazuia macho ya chini, na ukikikata kizuizi kinaondoka. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walipima jambo hilo kwenye njegere. Auksini husafiri polepole, kiasi cha sentimita moja kwa saa, lakini macho yaliyo mbali na jeraha yalianza kukua kabla ya kupungua kwake kuyafikia. Kilichowahi ni sukari, ambayo kilele kilikuwa kikiivuta na sasa ikageukia chini. Lakini hiyo ilikuwa njegere. Kwa hiyo usiandike "sukari huliashiria jicho la mchungwa" kana kwamba limepimwa. Andika "kwenye njegere imeonekana kwamba", halafu mlete mkulima kwenye mche wake. Kishazi hicho kifupi ni sarufi ya uaminifu.

Ukurasa wako ningeuandika hivi:

"Majani hutengeneza sukari. Sukari hiyo ni chakula cha mmea, na pia ni ishara. Ikifika kwa wingi kwenye jicho, huliashiria lichipue. Akiba ikitosha, husaidia kuuashiria mmea uchanue. Kwenye njegere imeonekana kwamba kilele kikikatwa, sukari iliyokuwa ikienda juu hugeukia macho ya chini, nayo huanza kukua. Hilo linasaidia kueleza kwa nini tunakata kilele cha mlimau baada ya jicho la mchungwa kushika. Wapo wanaokikata nusu tu na kukilaza, ili majani yake yaendelee kulilisha jicho."

Nimeandika "jicho" badala ya "tumba" kwa kudhani ndivyo wakulima wako wanavyosema. Kama wana neno lingine, tumia lao.

Na maneno "majani hutengeneza sukari" yabaki mwanzoni kabisa, usiyahamishe. Ukianza moja kwa moja na "sukari huliashiria jicho lichipue", kuna atakayekwenda dukani kununua kilo mbili akazimwage shinani, na watakaomshukuru ni sisimizi.